Pikapu kuukuu inakunywa mafuta? Pima kwanza kabla ya kumshuku dereva au kushusha injini

“Hii gari siku hizi inakunywa mafuta kama nini!”

Dereva akisema hivyo, mabosi wengine husikia kitu tofauti: mafuta yanauzwa njiani. Bosi akisema hivyo, dereva naye anajua kinachofuata. Ama atakatwa kwenye mshahara, ama ataambiwa aache funguo mezani.

Ugomvi huu wanaujua vizuri wenye pikapu za zamani, zile Hilux na Nissan za miaka ya 90 zinazobeba saruji, ndizi, magodoro na kreti za soda, na ambazo dashibodi inasoma kilomita laki tatu na ushee. Mafuta ndiyo gharama inayouma kuliko zote, kwa sababu inalipwa kila siku.

Bei ya mafuta yenyewe haiko mikononi mwa mwenye gari. Tanzania, Ewura hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kenya, EPRA hutangaza kila tarehe 14. Kilicho mikononi mwake ni idadi ya kilomita ambazo gari linatembea kwa kila lita.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wanaanza na tuhuma, wanafuata na dawa ya kumimina kwenye tangi, wanamalizia kwa kushusha injini. Wakati mara nyingi sababu ni ndogo ndogo, zimekutana kadhaa kwa pamoja, na nyingine kuzirekebisha ni bure.

Huu hapa mpangilio unaofaa, kuanzia cha bure hadi cha gharama.

1. Anza na daftari, si spana

Mshale wa mafuta kwenye gari la miaka 25 hauaminiki. Na gari linalowekewa mafuta ya elfu ishirini asubuhi, elfu kumi mchana, halipimiki. Kila mtu atabaki na hisia zake.

Namna ya kupima ni hii. Jaza tangi fulu mpaka bomba la sheli likate lenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Fanya kazi kama kawaida. Ukifika wakati wa kujaza tena, rudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, jaza mpaka ikate. Andika kilomita mpya na lita zilizoingia.

Kisha gawanya kilomita kwa lita. Gari likitembea kilomita 325 na likapokea lita 50, ulaji wake ni kilomita 6.5 kwa lita.

Kipimo kimoja hakitoshi. Wiki ya kubeba kokoto haifanani na wiki ya kubeba maboksi ya biskuti. Pima mara tatu, na pembeni ya kila namba andika gari lilibeba nini na lilikwenda wapi.

2. Hakikisha dashibodi haidanganyi

Kuna pikapu ambazo hazina ugonjwa wowote wa mafuta. Kinachodanganya ni dashibodi.

Mwenye gari akifunga matairi makubwa kuliko yaliyokuja na gari, kila mzunguko mmoja wa tairi unafunika ardhi zaidi, lakini dashibodi haijui hilo. Tairi likiwa na kipenyo kikubwa kwa asilimia 5, gari linakwenda kilomita 105 huku dashibodi ikihesabu 100. Kwenye daftari itaonekana gari linakula zaidi kumbe limetembea zaidi.

Kuna pia zile ambazo waya wa spidi umechakaa, kilomita zinahesabika leo, kesho zinagoma.

Simu inatosha kukagua. Fungua ramani, chagua safari ya kilomita 20 au 30 kwenye barabara kuu, kisha linganisha kilomita za simu na za dashibodi. Tofauti ikiwa kubwa, tumia hesabu ya simu.

3. Kabla ya tuhuma, safari moja ya pamoja

Hapa ndipo kazi ya mtu inaweza kuokolewa.

Bosi mwenye wasiwasi apande gari siku moja. Wajaze fulu pamoja, waende safari ya kawaida ya mzigo, warudi, wajaze tena pamoja. Namba watakayoipata hiyo siku ndiyo kipimo cha gari, bila mtu katikati.

Ikilingana na namba za dereva, basi gari ndilo linalokula, na hela ya kumtafuta dereva mpya ipelekwe gereji. Ikitofautiana sana, kwa njia ileile na mzigo uleule, sasa kuna jambo la kuzungumza, na linazungumzwa likiwa na ushahidi.

4. Tafuta yanayovuja

Mafuta yanayodondoka chini hayafiki kwenye injini, lakini sheli umeyalipia.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, chungulia chini ya gari. Angalia tangi, hasa sehemu ya juu yake ambako kutu huanza bila kuonekana. Fuata mabomba mpaka kwenye injini. Harufu kali ya petroli ndani ya kibini au chini ya boneti haitakiwi kupuuzwa, maana hiyo si hasara tu, ni moto unaosubiri cheche.

Kwa injini za dizeli, kagua vile vipaipu vidogo vya mpira vilivyopita juu ya nozeli kurudisha mafuta kwenye tangi. Joto la miaka mingi huvipasua. Injini ikionekana imelowa dizeli kwa juu, anza hapo. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu.

5. Matairi, breki na mzigo usio na kazi

Gari likisukumwa kwenye sakafu tambarare, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiwa, linatakiwa kuteleza kwa urahisi. Likigoma, injini nayo inasukuma ugumu huohuo siku nzima.

Matairi. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila PSI moja inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza ulaji wa mafuta kwa takriban asilimia 0.2. Pikapu ikikosa PSI 10, hapo ni kama asilimia 2. Inaonekana kidogo, lakini ni ya kila siku, na tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mzito linapata joto na linaweza kupasuka.

Kipimo sahihi mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Matairi ya nyuma yana kipimo cha gari tupu na kipimo cha gari lenye mzigo.

Breki. Huu ni ugonjwa mkubwa wa pikapu zilizopita kwenye vumbi na matope. Pistoni ya breki ya mbele inaganda kwa kutu, au waya wa breki ya mkono hauachii viatu vya nyuma. Gari linatembea huku limefunga breki kidogo, na dereva ameshazoea.

Kuna kipimo rahisi. Endesha kilomita kama 10 kwenye barabara isiyo na foleni, simama taratibu, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa inafuka joto kuliko wenzake, hiyo ndiyo yenye breki inayobana au beringi mbovu. Piga jeki, zungusha tairi kwa mkono, sikiliza.

Fofo. Kwa pikapu za 4WD zenye vizibo vya kuzungusha kwenye matairi ya mbele, hakikisha vimewekwa kwenye alama ya FREE gari likiwa kwenye lami. Vikibaki kwenye LOCK, mitambo yote ya mbele inazungushwa bure.

Mzigo. Kilo 45 za ziada hupunguza ufanisi wa mafuta kwa karibu asilimia 1, kwa makadirio ya serikali ya Marekani, na gari dogo huathirika zaidi kuliko kubwa. Minyororo, mitaimbo, mifuko ya mchanga na ile gia boksi mbovu iliyosahaulika nyuma ya siti: vyote vinalipiwa nauli. Keria ya juu isiyotumika nayo inapigana na upepo. Ishushe.

6. Themostati iliyotupwa

Kuna tabia ya gereji nyingi ambayo inakula mafuta ya watu kimyakimya. Gari likichemsha, fundi anatoa themostati na kuitupa. “Huku kwetu ni joto, haina kazi,” anasema.

Ina kazi. Themostati ni kijifuniko kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Zilizo nyingi hufunguka kwenye nyuzijoto kati ya 76 na 90 za Sentigredi. Joto la Dar es Salaam au Mombasa ni nyuzi 30 na kitu. Tofauti hapo ni kubwa.

Bila themostati, injini inachelewa kupata joto, na kwenye barabara kuu upepo unaipoza mno. Kwa gari la EFI, sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado baridi, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli kana kwamba ni saa kumi na mbili asubuhi. Kwa gari la kabureta yenye choki ya kujiendesha, choki inaweza kuchelewa kufunguka. Injini baridi pia inachakaa haraka.

Dalili yake ni mshale wa joto unaokaa chini hata baada ya nusu saa ya safari. Themostati mpya ni spea ya bei nafuu. Lakini kama gari lilikuwa linachemsha kweli, tafuta kwanza kilichosababisha: rejeta iliyoziba, feni iliyochoka, gasketi ya silinda hedi. Ukirudisha themostati bila kutibu hilo, litachemsha tena.

7. Kwa injini za petroli

Anza na plagi. Zifungue zote, zipange kwa mpangilio wa silinda, zitazame. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni dalili kwamba uchomaji ni mzuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Yenye mafuta mazito ya kung'aa maana yake oili inaingia kwenye silinda. Plagi moja ikitofautiana na nyingine tatu, tatizo liko kwenye silinda hiyo, au kwenye waya wake.

Gari lenye distributa, kama Hilux nyingi za injini ya 22R, likaguliwe pia kifuniko cha distributa, waya za plagi na taimingi. Taimingi ikichelewa kidogo tu, gari linakosa nguvu, dereva anakandamiza zaidi, mafuta yanakwenda.

Kwenye kabureta, angalia choki iliyoganda ikiwa imefungwa nusu na kiwango cha mafuta kwenye boya. Choki iliyobana ni sawa na kuendesha siku nzima kama vile injini imewashwa sasa hivi. Kusafisha kabureta na kubadilisha gasketi zake kunahitaji fundi mtulivu, si mtu wa kukaza na kulegeza skrubu mpaka mlio upendeze.

Kwenye EFI, taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi isizibwe kwa plasta. Gari likapimwe kwa mashine. Sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la ekzosi, ikifa, kompyuta inakisia kiasi cha petroli. Serikali ya Marekani inasema kurekebisha hitilafu kubwa ya namna hiyo kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta kwa hadi asilimia 40. Pikapu nyingine za zamani hazina sensa hiyo kabisa, kwa hiyo hakikisha ipo kabla ya kununua.

8. Filta ya hewa: ukweli na chumvi

“Badilisha ea klina, litapungua kunywa.” Ushauri huu kila fundi anao. Je, ni kweli?

Inategemea injini. Utafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge ya Marekani, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kwa magari ya kisasa yanayoendeshwa na kompyuta, filta iliyoziba haikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Kilichopungua ni nguvu ya kuongeza mwendo.

Kwa magari ya zamani ya kabureta hali ni tofauti. Hapo kubadilisha filta iliyoziba kunaokoa asilimia 2 hadi 6, na zaidi ya hapo ikiwa imeziba kiasi cha gari kushindwa kwenda vizuri.

Kwa vyovyote vile, filta ibadilishwe. Vumbi la barabara za vijijini likipita, linasaga ringi na kuta za silinda. Ila mwenye EFI asitegemee kwamba filta peke yake itamshushia gharama ya mafuta.

9. Kwa injini za dizeli

Dizeli ya zamani, kama 2L, 3L au 5L za Toyota, haina kompyuta ya kuirekebisha. Inategemea pampu, nozeli na taimingi.

Nozeli zikichoka, badala ya kunyunyiza dizeli kama ukungu, zinaitema kama maji ya bomba. Matone makubwa hayaungui yote. Yanatoka kama moshi mweusi, au yanateremka kuharibu oili. Fundi wa pampu na nozeli ana mashine ya kuzipima moja moja na kuona zinavyonyunyiza. Mwenye gari aombe kuona kwa macho yake. Inachukua dakika chache.

Filta ya hewa hapa ina uzito mkubwa zaidi. Pampu ya zamani inapeleka dizeli ileile hata hewa ikipungua, na dizeli isiyo na hewa ya kutosha haiungui ikaisha.

Ogopa fundi anayetaka kufungua skrubu ya pampu ili gari “lipate nguvu”. Nguvu itapatikana, moshi utapatikana, na mafuta yatakwisha haraka kuliko zamani.

10. Soma moshi

Kabla ya kulipa pesa yoyote kubwa, mtu mmoja akae nyuma ya gari wakati mwingine anakanyaga mafuta.

Moshi mweusi: mafuta mengi, hewa kidogo. Tafuta filta, kabureta, sensa, nozeli.

Moshi wa bluu: oili inaungua. Tafuta ringi na mpira wa valvu.

Moshi mweupe mzito usioisha: kwa dizeli inaweza kuwa mafuta yasiyoungua, taimingi mbovu au injini isiyopata joto. Ukiwa na harufu tamu tamu na maji ya rejeta yanapungua, hayo ni maji yanayoingia kwenye silinda. Simamisha gari, likaguliwe kwanza.

11. Usishushe injini bila kipimo hiki

“Injini imechoka, ifanyiwe ovaholi.” Kabla ya kukubali, omba kipimo cha kompresheni. Fundi anafungua plagi, au plagi za joto kwa dizeli, anafunga geji, anapiga stata na kuandika namba ya kila silinda.

Namba zikikaribiana na ziko ndani ya kiwango cha injini hiyo, ovaholi haitapunguza ulaji wa mafuta, kwa sababu injini haijachoka. Silinda moja ikiwa chini sana, huenda ni valvu au gasketi tu. Zote zikiwa chini, hapo fundi amesema kweli.

Wakati huohuo kagua klachi. Ukiwa gia ya nne kwenye mlima, ukikanyaga mafuta na mlio unapanda huku mwendo haupandi, klachi inateleza. Injini inafanya kazi, barabara haipati kitu.

12. Vitu vya kuachana navyo

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta. Vidonge vya kutumbukiza kwenye tangi. Vifaa vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Mitandaoni vinauzwa kwa maneno matamu.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekwishachunguza vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta. Vilivyoonyesha faida ni vichache sana, na hata hivyo faida yenyewe ilikuwa ndogo. Vingine vinaweza kuharibu injini.

Kuteremka mlima bila gia nako si akiba. Kwa injini ya EFI na ya dizeli, ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, mafuta hukatwa. Ukiondoa gia, injini inahitaji mafuta ili isizime. Kibaya zaidi, mzigo wote unabaki kwenye breki. Kwenye miteremko kama Kitonga, Sekenke au Salgaa, breki zilizochemka haziokoi mtu.

Na lile wazo la kushusha mlango wa nyuma wa bodi ili upepo upite? Mlango ukifungwa, hewa inajizungusha ndani ya bodi na kuutelezesha upepo unaopita juu. Ukiushusha unauvuruga mzunguko huo. Acha umefungwa.

13. Mguu wa dereva

Hata gari likipona, mguu mzito utakula akiba yote. Makadirio ya Marekani yanasema kuendesha kwa fujo, yaani kukurupuka, kukanyaga na kufunga breki kila mara, kunapunguza ufanisi wa mafuta kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni.

Mwendo nao ni pesa. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, upinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na pikapu haikuumbwa kukata upepo.

Kusimama gari likiunguruma sokoni wakati mzigo unashushwa kunaweza kula lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na kama AC imewashwa. Kuzima ni bure, mradi betri na stata ni nzima.

Inakuja shilingi ngapi?

Chukua pikapu ya petroli inayotembea kilomita 2,000 kwa mwezi. Ikiwa inakwenda kilomita 6.5 kwa lita, inahitaji lita 308 hivi. Breki zikiachia, themostati ikirudi, plagi na kabureta zikikaa sawa, ikafika kilomita 8 kwa lita, itahitaji lita 250. Tofauti ni lita 58 hivi. Kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, hiyo ni zaidi ya Sh170,000 kila mwezi.

Matarajio yawe ya kweli lakini. Pikapu ya petroli ya lita 2.4 ya umri huo ikifika kilomita 8 au 9 kwa lita, inafanya vizuri. Hakuna fundi atakayeifanya inywe kama IST.

Na marekebisho yafanyike moja moja. Ukibadilisha plagi, themostati na nozeli siku moja, mafuta yakipungua hutajua kilichosaidia. Rekebisha kimoja, pima tangi moja au mawili, andika, kisha nenda kinachofuata. Ulaji ukirudi kupanda miezi sita baadaye, daftari litasema ulianza lini na nini kilikuwa kimeguswa.

Daftari hilo likae ndani ya gari, dereva aandike, bosi asaini kila Jumamosi. Shilingi elfu moja ya daftari inamlinda mwenye gari asiibiwe, na inamlinda dereva asifukuzwe kazi kwa sababu ya breki iliyoganda.